Wiki Sita kwa Sababu ya Nukta

Wenzake walimwita Bi Kipimo, na si kwa kumsifu. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, mama wa mabinti wawili, na mwanagenzi mwenye umri mkubwa kuliko wote katika famasi ya hospitali. Shahada alikuwa nayo. Alibakiza kumaliza mwaka wa mafunzo ya kazini, msimamizi akitia sahihi kila ukurasa wa kitabu chake, kisha mtihani wa Baraza la Wafamasia. Bila hayo husajiliwi, na bila usajili hukabidhiwi hata ufunguo wa kabati.

Ukiwa umebaki ukurasa mmoja, asubuhi moja baba mmoja alileta dirishani cheti cha dawa ya moyo ya mwanawe wa miezi minane. Bi Kipimo akasoma, akapiga hesabu kwa uzito wa mtoto, akarudia. Nukta ya desimali ilikaa pasipo pake. Kipimo kilikuwa mara kumi ya kinachomfaa mtoto.

"Daktari kaandika, wewe toa," alisema msimamizi, mzee aliyeongoza famasi ile miaka ishirini. "Foleni imefika getini."

"Siitoi, mzee."

"Bosi hapa ni nani?"

"Ni wewe. Lakini mkono utakaoitoa ni wangu."

Akapanda ngazi hadi wodini na cheti mkononi. Daktari alipokiona alishika kichwa. "Mungu wangu! Asante, dada." Akaandika kingine.

Msimamizi hakushukuru. "Umenivua nguo mbele ya wagonjwa," alimwambia. Mwisho wa mwezi, mahali pa sahihi, aliandika: Hana utii. Arudie miezi sita.

Nyumbani mumewe alimsihi. "Nenda ukamwangukie, mke wangu. Ni sahihi tu."

Mama mkwe, ambaye hakuwahi kumtetea hata siku moja, aliweka kikombe chini. "Amwangukie kwa kosa gani?"

Kesho yake alikuwa ofisi za Baraza. Karani alifunua ukurasa wa mwisho, akakirudisha kitabu. "Bila sahihi sipokei."

"Basi pokea malalamiko."

Siku nne mfululizo alikalia benchi la ukumbini, barua ya ushahidi aliyoandikiwa na yule daktari na nakala za vyeti vyote viwili mapajani, mpaka msajili akachoka kumpita. Kamati ya Baraza ilimsikiliza, ikaifuta ile miezi sita. Ila kanuni ni kanuni: ukurasa wa mwisho lazima uwe na sahihi. Akafanye wiki sita hospitali nyingine, chini ya msimamizi mwingine.

"Si umeshindwa tu?" wenzake walimcheka.

"Wiki sita nazifanya. Msamaha siombi."

Alizifanya, akafaulu mtihani, akasajiliwa. Siku aliyorudi famasi ya zamani kuchukua koti lake, mzee alimtazama juu ya miwani. "Haya, huko umejifunza utii?"

"Nimejifunza kuchanganya sindano za saratani," alijibu, akalikung'uta koti vumbi, akalivaa palepale mbele yake.