Kisanduku Namba Sifuri

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Tangu nimalize kidato cha nne, safari yangu ndefu ilikuwa kutoka kitandani kwangu Ijuganyondo hadi ofisi ya yatima mjini Bukoba. Kompyuta nilipewa kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa na uvivu wa kutosha kukaa na kitabu chake kutwa.

Vita vilipoisha tulidhani tumemaliza kuzika. Halafu ukaja Ukimwi, fomu zikajaa kabati. Nikatengeneza dirisha la kila nyumba kwenye skrini: visanduku kumi vya kuweka tiki, kimoja kwa kila mtoto, mkubwa kwanza. Kuandika amri ile ile mara kumi ni kazi ya wenye bidii. Mimi niliandika moja inayozunguka, ipite kisanduku kwa kisanduku, kila chenye tiki jina lichapwe. Kuanzia moja hadi kumi. Ilipofika kumi ikagoma, eti hakipo. Sikuuliza kwa nini. Nikaiambia iishie tisa. Nani ana yatima kumi?

Jumapili orodha ya yatima wa kusaidiwa ikasomwa kanisani Izimbya. Jumatatu nikapeleka sare za shule, nikakuta majembe yamelazwa chini kama siku ya msiba na wanawake wamejaa uwanjani kwa bibi mmoja anayelea wajukuu wanne.

"Bibi, nani ametutoka?"

"Mjukuu wangu mkubwa. Yuko kisiwani Goziba kwa shangazi yake, anaanika dagaa. Jana wamesomwa wadogo zake watatu, yeye karukwa. Kompyuta yenu imepata habari kabla yangu."

Miaka ile jina lisiposomwa, maana yake ilikuwa moja.

"Labda mashine imekosea, bibi."

"Imekosea wakubwa tu?" jirani akadakia. "Hata mkubwa wa kwangu karukwa. Bahati yake alikuwa kakaa pembeni yangu, tukacheka."

Wakubwa tu! Hapo ndipo nikaelewa. Mashine ile huanza kuhesabu kwenye sifuri: kisanduku cha kwanza ni sifuri, cha kumi ni tisa. Mimi nilianza na moja, kama mtu anayehesabu mikungu ya ndizi, nikamruka mtoto wa kwanza wa kila nyumba.

"Bibi, ni mimi niliyemruka. Sina habari yoyote ya kifo."

Bibi akaishika mikono yangu. "Umemuua kwa vidole. Kamlete kwa miguu."

"Waitu, tafadhali bibi, Goziba ni kwa boti tu."

"Nimekuambia uende na baiskeli?"

Mimi ninayeogopa hata pipa la maji ya mvua nilipanda boti upande wa Muleba na kutapika hadi kisiwani. Nikamkuta binti anageuza dagaa juani, mzima kabisa. Aliponiona tu akasimama.

"Nani amekufa?"

"Wewe."

Akaliangalia shati langu lililojaa matapishi. "Mbona marehemu anaonekana kuwa wewe?"

Tuliporudi, bibi alinipita. Alimgusa mjukuu wake kichwa, mabega, kila kidole. Mimi nilibaki kibanjani, kwenye migomba, nimeshika gunia la dagaa alilonibebesha binti.