Ng'ombe wa Kitovu

Nilipomaliza chuo niliajiriwa kuwa karani wa baraza Garsen, na kila alasiri nikawa nasoma sheria za wasia na amana kwa ajili ya mtihani wa serikali. Nilisoma kwa hofu. Kila ukurasa ulinionyesha namna mpya ya kukosea.

Asubuhi moja alikuja mzee mfugaji, Muorma, akikohoa, mwanawe mkubwa amemshika mkono. Alitaka iandikwe kwamba ng'ombe fulani mwekundu na uzao wake ni wa binti yake, ndugu wasije wakamnyang'anya. Nikaandika kama nilivyoona kitabuni: nikifa, namwachia binti yangu. Mzee akatia dole gumba. Mwanawe aliniaga kwa heshima iliyozidi kiasi.

Siku ya tatu nikafikia sura ya warithi. Mwislamu hamuusii mrithi wake mali, ila warithi wenzake wakiridhia. Mzee ni Mwislamu, na binti ni mrithi. Hapo nikakumbuka mzee alivyosema, kwamba ng'ombe yule alimtoa akiwa mtamba, siku kitovu cha mtoto kilipodondoka. Kwa Waorma, ng'ombe wa kitovu ni mali ya mtoto tangu siku hiyo. Hahesabiwi katika mirathi ya baba. Kumbe mimi ndiye niliyemrudisha kwa baba, kwa wino wangu, na sasa ndugu wangeweza kumgawana.

Kambi ya mzee ilikuwa ng'ambo; mto ulikuwa umefura, kivuko kimesimama. Nilimsihi Mpokomo mmoja mwenye mtumbwi anivushe. Alivitazama viatu vyangu, kisha maji.

"Wasia wako mwenyewe umeshauandika, karani?"

Sikucheka. Kila gogo lililopita nililiona mamba.

Kambini, mimi na mwenye mtumbwi tulimkuta mzee amelala juu ya ngozi, pumzi zikimpaa, binti amempakata kichwa. Nilieleza kosa langu kwa kigugumizi. Mwana mkubwa, aliyesimama mlangoni, akasema polepole, "Karatasi ina dole la baba. Iache."

Mzee akafumbua macho. "Nani alikwambia nampa nikifa? Nilishampa."

Nikasema inatakiwa shahidi aliyeona. Mama yao alikwisha kufa zamani. Wote wakamgeukia mwana mkubwa, naye akatazama nje, kule zizini. Nilikwisha kuwaza majibu kumi atakayonipa, na kila moja sheria yake.

"Siku ile kamba ya mtamba niliishika mimi," alisema mwishowe. "Akanipiga teke hapa." Akagusa goti.

Mzee alicheka mpaka kikohozi kikamkamata.

Niliandika karatasi mpya ya zawadi iliyokwisha kutolewa. Baba akatia dole, mwana naye, na mwenye mtumbwi. Ile ya kwanza niliichana mbele yao.

Mzee alifariki kabla mto haujapungua. Siku ya kugawa mirathi nilikwenda na karatasi mfukoni, maneno ya kujitetea nimeyakariri njia nzima. Hakuna aliyeniuliza. Kabla hesabu haijaanza, mwana mkubwa aliingia zizini, akamtoa ng'ombe mwekundu na ndama wake, akamkabidhi dada yake fimbo.