Mkono wa Kushoto wa Kochi

Mtaa mzima ulimwita Sponji. Mkewe peke yake ndiye aliyemwita Baba Watoto. Kazi yake ilikuwa kuvika makochi: unampelekea mifupa ya mbao, anakurudishia kitu ambacho mgeni akikikalia hataki kwenda kwao. Miaka thelathini na minne aliifanya kazi hiyo katika karakana iliyoshikana na nyumba yake, na kwa ubishi hakuwa na mpinzani. Huyo alikuwa mtu wa kubishana hata na futi ya kupimia.

Kiharusi kilimpata akiwa mezani, kikampiga upande wa kulia wa ubongo. Baada ya wiki tatu za hospitali akarudi anatembea, anaongea, anatania watu. Mkono wa kushoto ulikuwa mzito kidogo, basi. Majirani wakaja kutoa pole, wakashukuru Mungu, wakaenda zao. Mkewe ndiye aliyeanza kuona mambo.

Kwanza chakula. Sponji alikula nusu ya sahani, nusu ya kulia, akaweka kijiko chini na kununa.

"Mama Watoto, siku hizi unanipimia? Mimi mgonjwa, si mfungwa."

Mkewe akaizungusha sahani.

"Ehee! Kumbe ulikuwa umekificha!"

Akala akamaliza. Kesho yake akanyoa ndevu za shavu moja, akatoka nje kifua mbele. Mkewe alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaingia chumbani, na huko machozi yakaendelea bila kicheko.

Siku ya mazoezi wakaenda wote wawili hospitalini. Daktari wa mazoezi, binti mmoja mpole, akamwambia Sponji afumbe macho, akamgusa mkono mmoja.

"Kulia," akasema Sponji.

Akamgusa wa pili.

"Kushoto. Unanichezea, binti?"

Kisha akaigusa yote miwili kwa pamoja.

"Kulia."

Akarudia mara nne, na mara zote nne jibu likawa kulia tu. Mkewe, aliyekuwa amekaa kwenye benchi, akainuka akasogea karibu.

"Macho yake ni mazima, mama," daktari akamweleza. "Na ngozi inapeleka habari vizuri tu. Tatizo liko hapa." Akajigusa kichwani, nyuma kidogo ya utosi, upande wa kulia. "Panaitwa parietali. Habari za mwili na za mahali vitu vilipo zinakusanywa hapo, na hapo ubongo unaamua kipi kiangaliwe. Pa kulia ndipo panaposimamia kushoto, na kwake pa kulia pameumia. Kitu cha kushoto kikiwa peke yake, anakipata. Kikitokea kingine kulia, cha kushoto kinapotea, na hajui kwamba kimepotea."

"Atapona?"

"Wengi wanapata nafuu. Lakini mtu hawezi kutafuta kitu asichojua kwamba kimempotea. Akikubali, tutamfundisha kugeuza kichwa na kutafuta. Asipokubali, mama, karakana aisahau. Atajiumiza."

Sponji aliyasikia yote hayo. Njiani akasema binti yule ana maneno kuliko redio.

Sasa, kabla ya kuugua alikuwa amepokea kochi la watu watatu la mwalimu mmoja mstaafu. Mkewe alimsihi aliache. Wapi! Alikuwa anampigia mbuzi gitaa. Sponji akaingia karakanani, na siku ya nne mwalimu akaitwa aje kuchukua mzigo wake.

Mkono wa kulia wa kochi ulikuwa umevutwa kitambaa kikakaza, misumari imepangwa mstari mmoja. Wa kushoto ulikuwa mbao tupu.

"Fundi," mwalimu akasema taratibu, "mbona kochi langu limevaa mkono mmoja?"

"Mkono mmoja! Mwalimu, miwani umeiacha wapi? Haki ya Mungu, kazi safi kama hii sijaifanya mwaka huu."

Nyani haoni kundule, lakini huyu jamani hakuwa anajifanya. Mwalimu akamtazama mke, akayaona macho yake, akasema atarudi Ijumaa.

Mkewe hakubishana. Alimshika kiwiko, akamzungusha hadi nyuma ya kochi. Ukisimama nyuma, mkono wa kushoto unakuwa kulia kwako. Sponji akaganda.

"Nani kabandua kitambaa?"

"Hakuna aliyebandua."

Akamrudisha mbele. Mbao ikatoweka, kochi likawa zima. Akampeleka nyuma tena, mbao ile pale. Walizunguka mara tatu. Mara ya tatu Sponji aliishika ile mbao kwa mkono wake mzima, akaketi sakafuni.

"Mama Watoto, nimeogopa."

"Najua."

"Kuna vingapi vingine ambavyo sivioni?"

Mkewe akakaa chini karibu naye, upande wa kulia. "Vingi. Hata mimi. Kule wodini kiti cha mgeni kilikuwa kushoto kwa kitanda chako. Nilikikalia wiki tatu, na wewe unawaambia manesi kwamba mkeo amekutupa."

 Sponji akalia kwa sauti, bila aibu, na mkewe akamwacha alie.

Tangu siku hiyo akawa anamsikiliza yule binti. Kabla ya kushika nyundo aligeuza kichwa hadi kidevu kiguse bega la kushoto, kisha akaanza kutafuta. Mkewe alishika kitambaa, yeye akapigilia. Kazi ya asubuhi moja ikawachukua siku mbili, wakagombana mara tano, mara mbili wakacheka.

Ijumaa mwalimu akapiga hodi akiwa na wabebaji wawili. Sponji alikuwa amepigilia msumari ambao kwa macho yake ulikuwa wa mwisho. Akafuta jasho, akalitazama kochi kwa muda, akageuka.

"Mama Watoto, nimemaliza?"

Mkewe akalizunguka kochi, akainama.

"Bado misumari miwili. Huku chini, kushoto."

Wabebaji walikuwa wameshainama kulibeba. Sponji akawainulia mkono.

"Mwalimu, nisubiri kidogo," akasema. "Sijamaliza."