Sahani ya Lwaboshi

Orpa alikuwa mkaidi, na hilo kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka, huku Malawi, ilijua. Alifika pale na cherehani ya mkono kichwani na binti yake Mamy mgongoni, na tangu siku hiyo, mvua inyeshe isinyeshe, kila jioni mkekani kwake ziliwekwa sahani nne. Yake, ya Mamy, ya shemeji yake Byamungu, na ya mumewe Lwaboshi, aliyepotezana nao siku walipokimbia vita kule Fizi. Sahani ya Lwaboshi ilikuwa ya bati, yenye maua mekundu. Mamy ndiye aliyeiweka, na baada ya kula ndiye aliyeirudisha juu ya sanduku. Waliomcheka Orpa walimcheka pembeni. Mbele yake nani angethubutu?

Sasa usidhani alikuwa amerukwa na akili. Katika ukoo wa Lwaboshi, mtu ambaye maiti yake haikuonekana hafanyiwi matanga mpaka mtoto wake wa kwanza aseme kwa kinywa chake, mbele ya watu, kwamba baba amekufa. Akishasema, basi. Moto unawashwa uani, mikeka inatandikwa, wanawake wanalia, na mwenyewe hata akitokea kesho yake na mfuko begani, wazee watamkimbia kama mzimu. Kwa hiyo Orpa alikilinda kinywa cha Mamy kuliko alivyolinda cherehani. Tena alikuwa na sababu. Kuna mtu aliyefika kupitia Kigoma, akaapa kwamba alimwona Lwaboshi sokoni katika mji wa Baraka, kule kule Fizi, anachechemea mguu mmoja, anauza chumvi. Maneno hayo Byamungu aliyasikia kwa masikio yake, amekaa hapo hapo, mkono umo kwenye ugali wa Orpa.

Byamungu huyu ndiye mdogo wake Lwaboshi, na ndiye mwalimu aliyefundisha watoto nyimbo shuleni. Mwezi wa nne, mvua zilipokwisha, mahindi yanavunwa na kibaridi cha asubuhi kimeanza kung'ata, shule ilialikwa Lilongwe kwenye tamasha. Zingekuja shule nyingine za mjini, na wageni wa kanisa kutoka ng'ambo.

"Shemeji, batoto banahitaji nguo nyeupe," Byamungu alimwambia. "Mashuka tumepata. Mikono hatuna."

"Na hii mikono yangu ni ya kufuga kuku?" Orpa akamjibu, na akacheka, maana siku hizo alikuwa na furaha, jamani. Mwanawe kuimba mjini! Alishona magauni na mashati mpaka vidole vikaota sugu, na gauni la Mamy akalitia lesi aliyokuwa ameitunza tangu Uvira. Akimuuliza mtoto ataimba nini, Mamy alijiziba mdomo kwa viganja viwili.

"Baba mudogo amesema ni siri. Utaona ile siku."

Asubuhi ya safari Byamungu akamnyoa Mamy kichwa chote kwa wembe. Orpa alishtuka kidogo, kwa sababu kwao mtoto hunyolewa hivyo kwa msiba. "Chawa, shemeji," Byamungu akasema, bila kumtazama. "Shule yote iko nazo." Orpa akaamini. Angeachaje kuamini? Mtu anakula kwako kila siku, utamkagua mdomo?

Wakapanda malori mawili mpaka Lilongwe, akina mama wakiimba njia nzima. Ukumbi wa kanisa ulikuwa umejaa. Shule za mjini zikacheza ngoma zao, watu wakapiga vigelegele, halafu wakaingia watoto wa Dzaleka na weupe wao, na Orpa akampiga kiwiko jirani yake, mama Régine, mwanamke mzee wa Fizi: "Angalia ile lesi! Angalia!"

Wakaimba wimbo mmoja. Kisha watoto saba wakatoka mstari wa mbele, wote vichwa vimenyolewa. Mmoja mmoja akasogea, akasema jina lake, akasema neno lake, na mkalimani akaligeuza kwa Kiingereza. Orpa alikuwa nyuma sana, hakusikia vizuri, alikuwa anapiga makofi tu kwa kila mtoto. Ndipo akasogea Mamy. Sauti ya Mamy ilisikika, maana ilikuwa ya baba yake.

"Mi ni Mamy Lwaboshi. Papa yangu alikufa kwa vita."

Mikono ya Orpa ikabaki hewani. Mtoto alimtafuta mama yake kwa macho kule nyuma, akamwona, akatabasamu pengo lote. Wageni walikuwa wanajifuta machozi. Mama mmoja wa Kimalawi akamshukuru kwa lugha yake, "Zikomo, mwana," akapiga makofi kwa nguvu. Mama Régine yeye hakupiga. Alijitanda kitenge kichwani taratibu, akainuka, na akina mama wa Fizi wakainuka nyuma yake. Lori la kwanza liliondoka nao.

Orpa alimkuta Byamungu nyuma ya ukumbi, anagawa soda.

"We ulijua," akamwambia.

"Shemeji, ngoja nikueleze. Bale bageni banachukua batoto kwa shule ya kulala, hapa hapa muji. Banachukua yatima tu. Mamy atasoma. Nilifanya juu ya mutoto."

"Na ile habari ya Baraka? Ulikuwa unakula kwangu wakati tuliisikia!"

"Ni habari ya njiani ile."

"Ungeniuliza!"

"Ungekubali?"

"Hapana!"

"Njo maana sikukuuliza," Byamungu akasema, na akaendelea kugawa soda. Orpa alitamani kumtapikia miguuni. Adui wa bunduki alimjua na akamkimbia. Huyu alimpakulia.

Mamy akaja mbio, chupa mkononi. "Mama, sikusahau hata neno moja! Nilisema muzuri?"

Utamjibu nini mtoto wa miaka saba? "Ulisema muzuri," Orpa akasema, akamfunga kitambaa kwenye kipara chake, baridi isimpate. Njiani hakuimba.

Walipofika Dzaleka jua lilikuwa linazama, na uani kwake moto tayari unawaka. Mikeka imetandikwa. Akina mama wameleta unga na kuni, wamekaa wamejitanda, na walipomwona wakaanza kulia, kilio cha kweli, cha kumpenda.

"Nani amewaita?" Orpa akauliza.

"Kinywa cha mutoto, Orpa," mama Régine akasema kwa upole. "Hatukuongeza neno. Kaa chini, mama. Lia."

Orpa hakukaa. Aliingia ndani, akatoka na sufuria ya maji, akaitua katikati ya moto ule. Wanawake wakaguna, "Eee!" Moto wa matanga haupikiwi, ni wa kuota tu. Orpa akasonga ugali juu yake, machozi yanamtoka, mwiko haukusimama. Kilio kikakatika kidogo kidogo, watu wakabaki wanatazama mwiko.

Byamungu naye akaja, amebeba kigoda chake, akakaa mahali pake pa kila siku. Alijua kutulia, huyo bwana.

Mamy alitoka ndani na sahani nne kifuani, gauni jeupe bado mwilini. Akasimama. Akawatazama watu wote wale, akamtazama mama yake, na hofu ikaanza kumwingia usoni, kama mtoto aliyevunja kitu asichokijua.

"Mama, ya papa niweke?"

"Weka ya papa yako," Orpa akasema, bila kugeuka. "Ya baba mudogo njo uirudishe ndani."