Kigoda Changu ni Kipi?

Fundi mmoja wa Kakuma, mtu wa Sudan Kusini, aliunda mwenyewe mashine inayoongozwa na kompyuta ya kuchonga vibao bapa. Juzi aliiongezea mhimili wa kuzungusha mti, akachonga ekicholong mbili, vigoda vya kukalia na kulazia kichwa. Nilikuwepo mzee Mturkana alipovifuata, chake na cha kaka yake. Akivikataa, wenzake hawataagiza.

Mzee alijilaza kwenye vumbi la mbao, kichwa kigodani, akafumba macho. Fundi alishusha pumzi aliposikia, "Iko mzuri."

Kisha mzee akavitazama vyote viwili. "Sasa yangu ni gani?"

"Mzee, ziko sawa kabisa. Hiyo ndiyo kazi ya mashine."

Mzee akachomoa kisu, akakata pengo kwenye mguu wa kimoja. "Hii ndiyo yangu."

Alipoondoka, fundi alikuwa ameshalipiga picha pengo lile, aliingize kwenye kompyuta. Wazee wote watakaoagiza watalipata pengo hilo hilo kwenye vigoda vyao.