Mdogo wangu anasifiwa kwa kuta nilizozipaka mimi

Habari admin na wote mnaofuatilia ukurasa huu. Naomba jina langu lisionekane popote, maana ninayemzungumzia naye anausoma. Nina miaka thelathini na nane, mama wa watoto watatu, nalima mpunga na kakao huku Mwaya, Kyela.

Tumezaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kike. Yeye alisoma, sasa yuko Dar, ni mpambaji wa nyumba za matajiri. Yeye ndiye anaamua sofa ikae wapi, taa iweje, ukuta uwe na rangi gani. Mimi nilibaki na mama, aliyepata kiharusi mkono wa kulia ukafa.

Nyumba ya mama tunaipaka udongo kila mwaka kabla ya Krismasi, mwekundu na mweupe. Zamani mama alichora mistari minyoofu tu. Mkono wake ulipokufa nikashika mimi, nikabuni mawimbi yanayopanda na majani ya mgomba yaliyojikunja. Watu walikuwa wanasimama barabarani kupiga picha. Jamani, hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu pekee.

Mwaka jana tukiwa tunaanika kakao, binti yangu akaja mbio na simu. "Mama, mama mdogo anahojiwa!" Nikamwona kapendeza, na nyuma yake ukuta wa hoteli una mawimbi yangu na migomba yangu. Mtangazaji akamuuliza ubunifu ule anautoa wapi. Akajibu, "Kwa mama yangu, kule Kyela. Ile ni mikono yake."

Mama alikuwa amekaa hapo hapo. Nikamgeukia nikidhani atasema kitu. Akalia kwa furaha, "Mwanangu kanitaja mbele ya nchi nzima."

Nikamwambia, "Mama, ile ni kazi yangu."

"Basi na wewe, hata sifa ya mdogo wako unaitaka?"

Kuanzia siku ile wivu ulinitafuna. Kila nikimaliza kufua nafungua ukurasa wake, nasoma pongezi moja moja kama mtu anayejitonesha kidonda. Akituma dawa za mama na vitenge vyangu napokea, ila asante simwambii.

Mwezi wa sita akaja mwenyewe. Alipewa kazi ya kupamba nyumba ya wageni wa kitajiri huku ufukweni mwa ziwa, na mafundi wake walishindwa kuiga michoro. "Dada, nisaidie ukuta wa sebule. Mkono wako ndio umerithi wa mama." Hata hapo, bado ni mkono wa mama!

Nikakubali. Wakati wa kukoroga udongo sikutia samadi ya ng'ombe wala mchanga, na nilijua fika kwamba udongo mtupu ukikauka hupasuka. Kisha nikapaka vizuri kuliko siku zote. Akanikumbatia machozi yakimtoka, "Ndaga fijo, dada." Yaani alinishukuru kwa Kinyakyusa chetu, mtu ambaye siku hizi hata salamu anatoa kwa Kiingereza.

Wiki tatu baadaye ukuta ukabanduka vipande vipande mbele ya wageni wa kwanza. Mwenye nyumba akamtukana, akamnyang'anya na kazi nyingine aliyokuwa amemwahidi. Nilijiandaa kulaumiwa. Badala yake akanipigia, "Dada, usiumie. Nimemwambia mimi ndiye niliyekuharakisha. Wewe huwezi kukosea udongo." Nikasema tu, "Pole."

Aliposema amelia siku mbili, nilisikia raha kidogo. Ndiyo, raha. Halafu nikajichukia.

Sasa anakuja Jumamosi hii tuurudie ule ukuta, labda jina lake litapona. Nikimweleza ukweli nitampoteza, na mama atajua nina roho gani. Nikinyamaza, atabeba kosa langu maisha yake yote, na akihojiwa tena atamtaja mama vilevile nami nikisikiliza. Ila zaidi najiogopa mwenyewe. Sijui nikiushika ule udongo mara ya pili nitafanya nini.

Ninyi wenye ndugu, nianze kumwambia lipi, nilichomtendea au kinachoniuma? Nishaurini, hata kwa kunitukana, lakini iwe kabla ya Jumamosi.