Dada Nani?

Asubuhi ya siku yake ya kuzaliwa, So-dam alikaa mbele ya bakuli la supu ya mwani akaliangalia kama mtu aliyewekewa nyoka mezani. Mama Gok, mpishi wa bweni la timu, aliamka mapema kumpikia, maana siku ya kuzaliwa bila supu ya mwani ni kama hukuzaliwa. Lakini mchana wa siku hiyohiyo kulikuwa na mechi, na nani asiyejua kwamba mwani unateleza? Ukila siku ya mtihani, unateleza na mtihani wako. Akiacha atamuumiza Mama Gok, akila atajiumiza mwenyewe. Basi akala nusu. Hiyo nusu ilikuwa na maana gani, hata yeye hakujua.

Na mechi yenyewe haikuwa ya mchezo. Ndiyo, ilikuwa ligi ndogo, ile ya chipukizi na majeruhi wanaorudi, watazamaji ni wazazi na mafundi wa taa. Ila Kocha Ma alishasema kwamba baada ya mechi hiyo ataamua nani anabaki kwenye timu na nani anarudi kwao. So-dam alichukuliwa moja kwa moja kutoka shuleni, siku timu zilipochagua wachezaji wapya jina lake likaitwa karibu la mwisho, na tangu hapo kazi yake kubwa ilikuwa kubeba mifuko ya mipira, kujaza chupa za maji na kupanga vijiti vya kulia mezani kabla wakubwa hawajakaa. Kitinda mimba wa timu ndivyo alivyo. Kule kwao Mokpo, mji wa pwani, mama yake alishawatangazia wateja wote wa duka lake la samaki kwamba binti yake anacheza mpira wa kikapu wa kulipwa. Wateja nao wakaanza kuuliza, mbona hatumwoni kwenye televisheni?

Sasa, shida ya So-dam haikuwa miguu wala mikono. Mbio alikuwa nazo, na macho alikuwa nayo. Hatari aliiona kabla haijafika. Shida ilikuwa mdomo.

Kocha Ma alikuja mwaka ule na sheria yake: uwanjani hakuna dada. Mwenzako anakuja kugongwa mgongoni, wewe ndiyo unaanza "Dada Jeong-ran, samahani," ukimaliza heshima zako mpira umeshaingia. Kila mtu aitwe kwa kipande cha jina. Jeong-ran, kapteni, mtu mzima mwenye goti lililopasuliwa, akawa Ran. Alipoambiwa alitikisa kichwa kukubali, ila uso haukusema kitu.

So-dam akafanya mazoezi. Anapiga mswaki, Ran. Anakunja taulo, Ran. Mdomo ukagoma, ukagoma, halafu siku moja ukakubali, tena mahali pabaya. Walikuwa wanakula, wakubwa wote wamekaa, naye bila kufikiri akasema, "Ran, nipitishie kimchi."

Vijiti vyote vikasimama hewani. Kapteni alilisukuma bakuli la kimchi, ile kabichi chachu ya pilipili, taratibu mpaka mbele yake, akaendelea kula wali wake. Bora angemtukana. Wengine walimcheka siku nzima, na mmoja alimwinamia kwenye korido akamuuliza, "Shikamoo bibi, leo nikufulie nini?" So-dam aliinama kumwomba kapteni msamaha mpaka mgongo ukamuuma. Kapteni akajibu, "Sawa." Basi hilo sawa alilitafuna wiki nzima na hakupata ladha yake.

Kocha anataka Ran, meza inataka dada. Mpaka uko wapi? Mlangoni mwa uwanja? Kwenye benchi? Na kwenye basi la timu je? Angemuuliza mtu, lakini kila wa kuulizwa alikuwa dada.

Mchana ukafika, mechi ikaanza. Kapteni naye alikuwa anacheza, kulipima goti lake. Upande wa pili kulikuwa na msichana mmoja mrefu, mpana, kazi yake kuweka ukuta: anakwenda kimyakimya anasimama nyuma yako kama nguzo, ukigeuka unamvaa, na mwenzake anapita bure. So-dam akamwona anamsogelea kapteni. Akavuta pumzi. Ran ikaja mpaka kwenye ulimi, ikaona aibu ikarudi.

"Dada!"

Wakageuka wote wanne, maana wote walikuwa wamemzidi umri. Wapinzani wakapita katikati kama wanaingia sebuleni kwao, wakafunga.

Kocha Ma aliomba mapumziko, lakini aliyeuliza ni kapteni, huku anajifuta jasho. "Dada nani? Hapa tuko wanne. Ulikuwa unamwita yupi?"

"Wewe, dada."

"Mimi nani?"

So-dam akamtazama kocha, akatazama dari, akatazama viatu. "Kapteni," akasema.

Mmoja alilazimika kujifunika taulo ili acheke vizuri. Kocha hakucheka, akamwonyesha benchi. Huko alikaa anailaumu ile nusu ya supu aliyokula, halafu anailaumu ile aliyoiacha.

Mwishoni mwenzao mmoja akatolewa kwa kuzidisha makosa, na aliyebaki benchi mwenye miguu mizima ni So-dam. Akarudishwa. Timu yake ilikuwa mbele kwa pointi moja tu, na mpira uko kwa wapinzani. Kapteni alikuwa anarudi kinyumenyume, macho kwenye mpira, na yule msichana mpana anakuja nyuma yake, upande uleule wa goti bovu. So-dam akaliona goti linakwenda kuumia tena. Hapo hapakuwa na meza wala uwanja.

"We Ran! Kushoto, nyuma!"

Kapteni hakugeuka hata kutazama. Alijipinda, akapita pembeni ya ukuta, akaunasa mpira mikononi mwa mtu. Filimbi ya mwisho ikalia.

Wenzake wakarukiana. So-dam amesimama, mkono mdomoni. Ran ilikuwa amri ya kocha, sawa. Hiyo "we" je, aliagizwa na nani? Kapteni akampita akaenda kutafuta barafu. Halafu Kocha Ma akaja na simu inaita mkononi. "So-dam, kesho asubuhi funga mizigo," akasema, akaenda kupokea simu.

Asubuhi akafunga. Alipokwenda kumuaga Mama Gok jikoni, Mama Gok alimuuliza kwanza kama ile supu aliimaliza.

"Nilikula nusu."

"Basi ndiyo hiyo," Mama Gok akasema, na hakusema ndiyo ipi.

Kwenye ngazi alimkuta kapteni amekaa, mguu ameunyoosha, barafu juu ya goti. Akamuuliza anakwenda wapi na begi.

"Nyumbani. Kocha kasema nifunge mizigo."

"Ya kuhama chumba. Kikosi cha kwanza kinalala juu. Utalala kwangu, na dirisha usifungue, goti langu halitaki baridi."

So-dam akaliweka begi chini. Halafu akalibeba tena.

"Na ile 'we' ya jana," kapteni akasema.

So-dam akainama mpaka begi likamteleza begani.

"Uwanjani iache hivyohivyo. Ina mbio."

"Na mezani?"

"Mezani kimchi utajipitishia mwenyewe."

Kapteni akanyoosha mkono ainuliwe. So-dam akamvuta akasimama, akafungua mdomo amshukuru. Lakini ngazi si uwanja, wala ngazi si meza.

"Asante," akasema, akakwama hapo. Na kapteni, mkono bado mkononi mwake, akainua nyusi akasubiri kusikia anayeshukuriwa ni nani.